Presha Isiyo na Mwenyewe

2 Machi

Mvua imeanza, na mimi nimechaguliwa kuwa mwakilishi. Mambo haya yamenipata siku moja na sikuomba hata moja.

Nilitoka kidogo tu kwenda kununua uzi mweusi. Huku nyuma watu wa utafiti wakaingia uani kwetu, wakawakusanya wapangaji, wakasema wanatafuta mtu wa kuwasemea wakazi kwenye kamati yao ya presha. Kila aliyekuwepo alikuwa na sababu ya kukataa. Mimi sikuwepo, kwa hiyo sikuwa na sababu. Niliporudi na uzi wangu nikakuta watu wananipigia makofi. Mama Pacha, ambaye tumetenganishwa na ukuta mmoja tu, alinikumbatia kama vile nimeolewa upya. Daktari wao, kijana mrefu mwenye viatu visivyofaa kwa matope, kanipa shajara hii, kalamu na mwavuli. Mwavuli mama mkwe ameshauchukua.

3 Machi

Mume wangu hataki hata kusikia. Kasema nikitaka kwenda kwenye vikao niende, ila jina lake lisitajwe na mkono wake usiguswe. Yeye ni fundi redio. Kibanda chake kiko mtaa wa pili, na humo husikiliza habari za dunia nzima na kuzikosoa zote.

Kwa hili, hata hivyo, ana haki. Miaka ya nyuma walikuja watafiti wengine, wakamtoa damu baba yake, wakaahidi kuleta majibu. Hawakurudi. Msimu wa mvua uliofuata mzee alipigwa na kiharusi akiwa ananyoa ndevu, akaanguka na povu la sabuni shavuni. Mume wangu huwa halisemi kwa hasira. Hulisema kama mtu anayetaja bei ya betri, na ndiyo maana siwezi kubishana naye.

6 Machi

Mvua. Sare za shule. Sindano imevunjika, na nyingine imevunjika nikiilaani ile ya kwanza.

9 Machi

Kikao cha kwanza. Viti vyao vina magurudumu. Muuza Mkaa, ambaye nilikwenda naye ili nisiwe peke yangu, alikaa kwenye kimoja na nusura atoke nacho mlangoni.

Yule daktari anaitwa jina refu, lakini hamalizi sentensi bila kusema asanteni, kwa hiyo sisi tumemwita Asanteni. Alizungumza sana kuhusu jamii zisizofikiwa. Nikanyoosha mkono nikauliza ni zipi hizo. Akajikuna shingo, akasema, kwa heshima zote, ni ninyi. Nikamwambia mbona mtu wa bili ya maji hutufikia kila mwezi bila kukosa, hata maji yasipotoka. Akaandika hilo. Sijui ataliweka wapi.

Kisha nikasema lile nililotumwa na moyo wangu. Majibu yarudi. Yasirudi kwa ujumbe wa simu, wala kwa karatasi ya kubandikwa ukutani. Mtu aje mwenyewe, akae kitako, amwambie mwenye mkono. Mama mmoja mwenye miwani akasema hilo ni zuri lakini gari ni moja. Nikamwambia sisi tunatembea. Walinong'onezana muda mrefu, wakapitisha. Nilirudi nyumbani nimeinua kidevu, nikatumbukia kwenye dimbwi.

13 Machi

Leo wamekuja na maswali. Kila mpangaji kaulizwa hufanya mazoezi mara ngapi kwa wiki.

"Kubeba magunia ni mazoezi au ni kazi?" Muuza Mkaa akauliza.

Asanteni akaomba dakika moja, akatoka nje na wenzake kushauriana. Walirudi wakasema ni yote mawili. Muuza Mkaa akataka kujua kama basi anaweza kuacha moja.

Mama Pacha wakamwuliza kama ana msongo wa mawazo. Akauliza, "Kabla ya swali hili au baada?"

Maswali watu wameyapenda. Shida ni mashine. Ni mkanda wa kufunga mkononi, una mrija, mrija unaingia kwenye kijisanduku cha kuning'iniza kiunoni. Hujijaza hewa wenyewe kila nusu saa, usiku na mchana, ukaubana mkono, ukaandika humo ndani kimya kimya. Namba hauonyeshi. Watu wametazamana, kila mmoja akakumbuka ameacha kitu jikoni.

Aliyekubali ni mama mkwe peke yake. Kasema yeye ni mzee, wakija kumwiba hawatapata kitu.

17 Machi

Mama mkwe amefungwa mashine asubuhi na nyumba imepata mfalme. Ikianza kuvuma anainua kidole na sote tunanyamaza. Nilipomwuliza nani kamaliza sukari, akanionyesha kijisanduku. "Usiniudhi, mwanangu. Inaandika."

Mchana nilikwenda kupeleka sare shuleni, mvua ikanifungia huko hadi jioni. Niliporudi umeme ulikuwa umekatika mtaa wetu na wa pili tangu saa sita. Cherehani yangu ni ya miguu, haijali. Mume wangu kaja magharibi, macho mekundu, anasema kazi zimemlemea, redio za watu zimejaa hata hana pa kukaa. Kala kidogo, kalala.

18 Machi

Wamekuja kuchukua mashine. Mama mkwe kawaaga kama anawasindikiza wageni wa harusi.

20 Machi

Mama mkwe ameamua kupika mwenyewe, bila kuombwa. Chakula hakina chumvi hata ya dawa. Mume wangu kanitolea macho mimi.

22 Machi

Leo niandike kwa utaratibu maana mambo ni mengi.

Asanteni kaja na majibu, kama tulivyopitisha. Kaja kwa miguu, gari liko kwingine. Nilimpa kigoda, akafungua kompyuta yake mapajani, mama mkwe akajitengeneza kilemba kana kwamba anapigwa picha. Kulikuwa na mstari wa kupanda na kushuka. Asubuhi ulikwenda vizuri. Kuanzia mchana ukaanza kuruka huku na huku, kama mtoto aliyekanyaga siafu.

"Bibi," Asanteni akasema, "samahani, mchana huu ulikuwa unafanya nini? Asante."

"Mimi nilikuwa nimelala."

"Umelala? Lakini hapa..."

"Mimi nilikuwa nimelala. Mashine ilikuwa kwa watu."

Akamtazama. Mimi pia nikamtazama. Mama mkwe akaeleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto njia ya kwenda dukani. Mama Pacha alikuja akaitazama, akasema ni nzuri. Sasa mtu akisifu kitu chako, umwache aondoke hivi hivi? Akamfunga. Ilipomaliza kumbana, Muuza Mkaa alikuwa mlangoni. Baada ya Muuza Mkaa, shangazi wa Mama Pacha. Halafu binti wa chumba cha mwisho. Na wengine.

Ilibidi nimfafanulie Asanteni, maana kijana wa watu alikuwa amebaki mdomo wazi. Ua wetu una ngazi moja, pasi moja, sufuria kubwa moja na beleshi moja. Mwenye kitu ni yule aliyekinunua, lakini kukikuta kwake ni bahati. Kitu kikiingia humu hakikai kwa mtu mmoja. Wiki nzima walibembeleza watu wavae mashine, watu wakakataa kwa sababu ilikuwa ya wageni. Ilipokuwa ya mama mkwe wakapanga foleni.

Asanteni alifunika uso kwa viganja. Alisema vipimo vyote vya bibi vimechafuka, havina budi kutupwa, na mkuu wake atamla nyama. Nilimwonea huruma na huku nimebana mbavu nisicheke. Kisha akatazama tena kioo cha kompyuta na mkono wake ukasimama.

"Hapa," akasema. Safari hii hakusema asanteni.

Kulikuwa na vipimo vitatu vilivyofuatana, kuanzia saa tisa alasiri. Mia mbili na kumi juu, mia moja na ishirini chini. Cha pili kilikuwa vivyo hivyo. Cha tatu kilikuwa kibaya zaidi. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mtu wa namna hii anaweza kuanguka leo, anaweza kuanguka kesho, na pengine mwenyewe anadhani ni kichwa tu kinauma.

"Ni nani?" nikauliza.

"Sijui. Kwenye faili anaitwa bibi."

Mama mkwe alikuwa anatazama miguu yake. Kasema alikuwa usingizini, mashine ilikuwa inapita mikononi mwa watu, yeye atajuaje.

Asanteni akaanza tena habari ya kufuta. Hapo nikapandwa na hasira. Nikamwambia afute anachotaka, ila huyo wa saa tisa asimfute, maana ana roho. Nikamkumbusha tulivyopitisha kwenye viti vyake vya magurudumu, majibu yarudi kwa mwenye mkono. "Watu hawa walingoja majibu miaka na miaka hayakuja. Leo yamekuja, wewe unataka kuondoka nayo kwa sababu hujui mlango?"

Kisha akavua vile viatu vyake, akavigonga matope, akampigia simu mkuu wake na kusema harudi ofisini leo. Nilikuwa namwona kama mtoto wa kuazima. Leo nimeanza kumpenda.

23 Machi

Ua mzima umekusanywa chini ya turubai. Kazi ilikuwa moja, kumpata mwenye mkono wa saa tisa. Kumbe hapa hakuna anayetazama saa.

"Mimi nilivaa mvua ilipoanza," Mama Pacha akasema.

"Ipi? Ilianza mara nyingi."

"Ile iliyolowesha godoro la shangazi."

"Godoro lililowa baada ya mimi kuvaa," Muuza Mkaa akasema, "maana nililibeba kuliingiza ndani na mashine ikanibana nikiwa mlangoni. Nusura nilitupe."

Shangazi akasema basi ndiye aliyelichafua kwa mkaa. Wakaanza kesi ya godoro. Asanteni alikuwa anachora jedwali, akifuta, akichora. Alipouliza nani ana hasira za karibu, watu wote waliwanyooshea vidole watu wengine wote.

Mwishowe muuguzi wake akafungua mkoba, akasema si mpimwe tu. Hakuna aliyekataa. Yule wa saa tisa alikuwa amewatia hofu, kila mtu alitaka kuhakikisha siye. Walipanga foleni hadi getini, wakaja na wa ua wa jirani, na mpita njia mmoja aliyedhani tunagawa vyandarua. Shangazi amekutwa nayo kidogo, kaandikiwa dawa. Muuza Mkaa presha yake ni ya mtoto, na ametangaza hilo kwa kila aliyepita. Lakini wa saa tisa hakupatikana.

Mume wangu hakuwepo. Yuko kibandani, kama kawaida.

24 Machi

Mvua haikatiki. Chakula hakina chumvi. Mume wangu kauliza kama chumvi imepigwa marufuku. Mama yake kamjibu ale anyamaze.

Nimeamka mara kwa mara kusikiliza kama kuna kilio upande wowote wa ua.

25 Machi

Nilikuwa nafunga pindo la sketi Mama Pacha alipokuja kukaa mlangoni. Alikuwa bado kwenye kesi yake ya godoro. Alisema siku ile ilikuwa ndefu kwa sababu umeme haukuwepo, hata binti wa chumba cha mwisho alishindwa kuchaji simu, alasiri akaipeleka kibandani kwa mume wangu ili aichaji kwa betri, akakuta kufuli.

Nikaacha kukanyaga cherehani.

Fundi redio bila umeme hana kazi. Hawezi kuyeyusha risasi ya kuunganishia waya wala kuijaribu redio ya mtu. Na alikuja magharibi akaniambia kazi zimemlemea hana pa kukaa. Nikabaki na sketi mkononi. Nikakumbuka macho mekundu. Nikakumbuka chakula kisicho na chumvi.

Nilimkuta mama mkwe anachambua mchele. Nikamwambia, "Mama, alasiri ile mwanao alikuwa humu."

"Nimekula kiapo sitasema. Kaniapisha kwa jina la baba yake."

"Mama, mtu atakufa."

"Nimeapa kutosema," akasema. "Sikuapa kutotikisa kichwa. Tangu juzi mnauliza godoro, mnauliza mvua, hakuna aliyeniuliza mimi la maana."

"Ni yeye wa saa tisa?"

Akatikisa kichwa juu na chini mpaka kilemba kikafunguka. Halafu akalia, na mchele ukamwagika. Sikuwahi kumwona analia tangu niolewe katika nyumba hii, na tumeishi kwa kurushiana maneno kila siku. Nilimshika bega. Akaniambia niache kumshika, nikimbie.

Nilimpigia simu Asanteni nikiwa njiani. Alifika kibandani karibu sawa na mimi, ameloa chapachapa. Nilimwambia asubiri nje kidogo.

Mume wangu alikuwa ameinamia redio, bisibisi mkononi. Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Mama kasema?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Hajasema. Katikisa."

Akatabasamu kidogo. Akakaza skrubu, akailegeza tena. Akasema kichwa kimekuwa kikimuuma tangu kabla ya mvua, kisogoni, na asubuhi huona nyota. Alitaka kujua tu. Alipovaa akadhani ataona namba. Ikambana mara tatu, haikuonyesha namba. Akavua, akasema basi.

"Kwa nini hukuniambia mimi, mke wako?"

"Wewe ni mwakilishi."

Nilitaka kumrushia hiyo ndoo. Nilimwambia mimi ni mke wake kwanza, uwakilishi nilipewa nikiwa nimekwenda kununua uzi, na kwamba nimeogopa sana siku hizi, nikihesabu roho za watu wa nje na huku ya kwangu iko kitandani kwangu.

Alipuliza vumbi kwenye redio. Kisha akasema, "Unajua baba aliwangoja? Walimwambia watarudi. Alikuwa anafua shati lake jeupe kila Jumamosi, akisema wakija Jumatatu wasimkute mchafu. Mimi ndiye niliyekuwa nampigia pasi. Sitaki kungoja mtu, Mama Watoto. Heri nisijue."

"Huna wa kumngoja," nikamwambia. "Yuko hapo nje. Tena hana mwavuli."

Aligeuka, akamwona Asanteni chini ya ukingo wa bati, maji yakimtiririka puani, kompyuta ameikumbatia ndani ya koti. Akamtazama muda mrefu.

"Ingia," akamwambia.

Asanteni aliingia, akasimama, hakuna kiti. Mume wangu akamwuliza, "Kabla ya yangu. Ya baba yangu ilikuwaje? Walimchukua damu miaka ile, si mbali na hapa."

Asanteni akajipangusa maji usoni. Nikamwomba Mungu asimdanganye.

"Sijui, mzee," akasema. "Sijui walikuwa nani wala waliipeleka wapi. Walikosa. Ya kwako ninayo."

Mume wangu akaiweka bisibisi. Akaanza kuondoa redio za watu kwenye kibao cha kukalia kilichokuwa pembeni, moja moja, akizipanga chini kwa uangalifu, mpaka pakapatikana pa mtu kukaa. Akakipangusa kwa kiganja. Asanteni akakaa, akamwambia yote, mia mbili na kumi na maana yake. Kisha akapima tena, na haikuwa imeshuka. Tulikwenda hospitali watatu, mume wangu katikati, akilalamika njia nzima kwamba tunamshika kama mwizi.

27 Machi

Bado wamemlaza. Inashuka. Amekosoa redio ya wodini.

29 Machi

Karudi. Dawa kila asubuhi. Watoto wamekatazwa kumchekesha, nao ndio wanazidi kucheka.

14 Aprili

Mvua imekatika, kamba ya nguo imejaa.

Leo Asanteni kaja na mama mwenye miwani. Kamati imekubali, kuanzia sasa vipimo vitafanywa ua kwa ua, watu wote pamoja, jina la mtu na saa yake viandikwe, na kila jibu lipelekwe kwa miguu. Mume wangu kajitolea kuwatengenezea mashine zikiharibika. Kesho tu atakuwa anawafundisha udaktari.

Mama mwenye miwani akasema, kuna jambo limebaki. Katika ua huu kila mtu anajua presha yake isipokuwa mmoja, naye ni bibi mwenyewe, ambaye vipimo vyake vilitupwa. Watu wakacheka. Mama mkwe akatoa mkono, muuguzi akamfunga ule mkanda.

"Lakini bibi," Asanteni akasema, "sasa naweza kukuuliza. Tulikuomba usiivue hata kidogo. Kwa nini uliigawa ua mzima?"

Nilitaka kumjibia, niseme tena habari ya ngazi na sufuria. Mama mkwe akainua kidole, mashine ilikuwa inavuma. Tulinyamaza mpaka ikaisha.

"Huyu wangu alikuwa anashika kisogo kama marehemu baba yake," akasema. "Ningempa peke yake, angekataa. Nikawapa wote, mmoja mmoja, mpaka akabaki yeye."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha maji ya kumezea dawa. Alikuja akapiga goti pale mkekani, akamfungua mama yake mkanda taratibu, akauteremsha mkono wa gauni lake.